Umenirithi Ningali Hai

Nkwantaso,
6 Februari

Mpwa wangu Nsiah,

Pokea salamu zangu na za mama yako Dansowaa, ingawa yeye amenuna kwa sababu samaki mkavu uliyemletea Krismasi alikuwa na funza. Amemla hivyo hivyo. Goti lake linamsumbua asubuhi, vumbi la harmattan, ule upepo wa jangwani, limetupasua midomo sote, na kakao mwaka huu imetoa maua kwa uchoyo. Mbuzi wako amezaa mapacha. Mmoja nimempa jina lako, maana hatulii nyumbani.

Barua hii anakuletea dereva wa basi la Jumanne. Najua utasema, "Mjomba, si unipigie tu?" Sikupigii. Neno la simu likishatoka limetoka, na kesho kila mtu anakumbuka lake. Karatasi haina ubishi.

Sasa habari za redio. Nasikia serikali inataka kila mzee apigwe picha ya jicho ndipo apewe kadi ya dawa hospitali. Mwaka jana walitaka dole gumba. Nilikwenda, mashine ikasema sina dole gumba. Binti aliyekuwa nayo akaniangalia kwa huruma, "Baba, alama zako zimefutika zote. Umefanya kazi gani maisha yako?" Nikamwambia nimeshika fimbo ya Nana, chifu wa Nkwantaso, kwa miaka thelathini na moja, mimi ndiye Okyeame, kinywa chake. Akaandika "mkulima." Sipingi kadi, Nsiah. Napinga kuambiwa na mashine kwamba sipo. Zamani ukitaka kujua mtu ni nani ulimwuliza mama yake.

Halafu kuna hili la misiba ya kwenye simu. Mtoto wa marehemu Asamani yuko Ujerumani, akamzika baba yake kwa simu ya video, mwenyewe akiwa amelala kitandani na blanketi lake. Tulimwona. Ndugu zake walimshikia simu juu ya kaburi aone vizuri, ikaponyoka, ikamtangulia marehemu. Tukamsikia anapiga kelele kutoka chini. Mchungaji akapoteza ukurasa. Mimi nasema mwenye kulia aje alie, na asiyeweza kuja alie huko huko kimyakimya.

Na mwalimu mkuu analalamika kwamba watoto wanaandikiwa insha na kompyuta. Mimi sioni ajabu mashine kuandika. Ubaya ni mtoto kuweka jina lake chini yake.

Nije kwenye jambo lenyewe. Kile kinasa sauti ulichoniachia nimekijaza, dereva anakuletea pamoja na barua hii. Kila siku baada ya chakula cha mchana nimekaa chumba cha nyuma na kukizungumzia kama mwehu. Nimekipa salamu zote za barazani, namna ya kulainisha hasira ya Nana kabla haijafika kwa watu, na majina ya wasemaji wote waliotangulia. Mwisho nimesema na yale maneno ya kuiamsha fimbo. Hayo unajua hunong'onezwa fimbo peke yake kabla msemaji hajafungua kinywa. Mjomba wangu alininong'oneza mimi siku tatu kabla ya kufa. Nimekusemea wewe mapema, kwa sauti, ili uyashike vizuri.

Njoo sikukuu ya Akwasidae ya Aprili, Nana atakapokaa na watu wake, nikuonyeshe kwake. Mpwa ndiye anayemrithi mjomba. Hilo sikulitunga mimi.

Mjomba wako,
Agyei Boadi

*

Accra,
3 Machi

Mjomba wangu mheshimiwa,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Mwambie Mama samaki nitambadilishia, na goti alikande kwa mafuta niliyompa, asiyafiche sandukuni kama kawaida yake. Huku joto ni la kufa mtu, umeme unakwenda na kurudi utakavyo wenyewe, lakini mimi mzima. Nimepandishwa cheo! Sasa mimi ndiye ninayeongoza kikundi kinachofundisha mashine kusema lugha zetu. Bila kazi hii, Mjomba, miaka hamsini ijayo mashine zote zitajua Kiingereza tu, na wajukuu zetu watazifuata.

Habari ya simu kaburini nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kulikoni. Nikawasikilizisha sauti yako kidogo. Mkubwa wangu akasema, "Huyu mzee akikuambia uruke dirishani, wewe unauliza dirisha lipi."

Nina ombi dogo. Nakurudishia kinasa sauti, na ndani ya bahasha kuna karatasi yenye sentensi mia moja. Zisome taratibu, kila moja mara mbili, kisha mpe dereva kinasa sauti anirudishie. Usihangaike na maana. Ni za kuipima mashine tu.

Aprili sitaweza kuja, kazi zimenibana. Na ile kampuni ya dhahabu uliyoniuliza Krismasi, inayotaka kuchimba kando ya mto Asuten, huku mjini sijasikia lolote juu yake.

Wako mtiifu,
Nsiah

*

Nkwantaso,
29 Machi

Mpwa wangu,

Tu wazima. Mvua ya kwanza imenyesha na paa la jikoni limevuja pale pale ulipoapa umeliziba. Mama yako anasema mafuta yako yananuka kama dawa ya ng'ombe. Anayatumia.

Hongera kwa cheo. Nimezisoma sentensi zako, na sasa najua kwa nini mashine hazina akili. "Leteni kikombe chekundu." "Nina kaka saba Kumasi." Sina kaka hata mmoja! Ya sitini na tatu inasema, "Nana amekubali." Nikajiuliza, amekubali nini, na nani kamwuliza? Lakini umesema nisihangaike na maana. Nikaisema mara mbili, na mara ya pili niliisema vizuri zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Ya sitini na nne, "Wekeni dole gumba hapa," nimeisema kwa uchungu wa mtu asiyekuwa nalo.

Redioni waziri anasema makanisa yapunguze vipaza sauti. Namwunga mkono kwa mikono yote, ila aanze na lile lililo nyuma ya nyumba yangu. Mchungaji wao anamfukuza shetani tangu saa kumi na moja alfajiri, na nahisi shetani mwenyewe ameshahama, tumebaki sisi.

Waziri mwingine anasema dhahabu italeta maendeleo. Neno hilo maendeleo nimelibeba kutoka kwa wageni kumpelekea Nana kwa miaka thelathini na moja, na bado sijakutana nalo njiani. Watu wa ile kampuni wamekuja mara tatu. Wanataka kila nyumba yenye shamba kando ya Asuten iweke dole kwenye karatasi ya kukubali kuhama. Mimi barazani nimesema wazi. Mto ule ndio tunaokunywa, na aliyechimba Dompem kule juu amewaachia watu maji ya rangi ya chai. Wazee wamegawanyika. Nana bado anawaza. Wenye mashamba wanasubiri, na unajua wanasubiri nini. Hapa hata Nana akilitangaza neno lake kwa kelele dirishani, watu watasema bado hajasema, mpaka lipite kinywani mwangu.

Dereva nimempa kinasa sauti. Usipokuja Aprili, njoo Mei.

Mjomba wako,
Boadi

*

Nkwantaso,
12 Mei

Nsiah,

Nakusalimu. Mama yako mzima. Mbuzi mwenye jina lako ameumwa na mbwa, anachechemea. Barua zangu mbili za Aprili dereva anaapa alikukabidhi mkononi. Hujajibu hata moja, na Mei ndiyo hii.

Sina habari za redio leo. Nina zangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa kibarazani nakula ampesi yangu ya ndizi za kuchemsha. Akapita Yeboaa, yule mwuza madonge ya mahindi ya kenkey, anatabasamu mpaka masikioni.

"Okyeame, nimekusikia! Mimi nimeshaweka dole langu!"

"Umesikia nini? Sijafungua mdomo tangu nipige mswaki."

"Acha utani wako. Umenipigia mwenyewe saa kumi na mbili."

Akatoa simu, akaiweka katikati ya sahani zangu, ikaanza kuurudia ujumbe iliounasa. Nsiah, ilikuwa mimi. Ilikohoa kidogo kabla ya kuanza, kama ninavyokohoa. Iliita Nkwantaso kwa majina yake yote ya sifa. Halafu ikasema, "Nana amekubali. Wenye mashamba ya Asuten, nendeni shuleni. Wekeni dole gumba hapa." Nilitazama huku na huku nikitafuta nani anasema.

Kila nyumba ilikuwa imepigiwa. Nikakimbia hadi shuleni, mimi wa miaka sabini na miwili, nguo nimeishika mkononi. Mstari ulikuwa umezunguka jengo. Nikapiga kelele, "Acheni! Si mimi! Nana hajasema!" Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Kijana mmoja wa kina Asamani akasema, "Sasa Okyeame, tumsikilize yupi, wa kwenye simu au wa juani?" Yule wa kwenye simu alikuwa ametulia. Mimi nilikuwa nahema na jasho linanitoka. Wakamsikiliza yeye. Nyumba mia moja na kumi na sita zimeweka dole, na karatasi zimeondoka na gari la kampuni kabla ya saa sita.

Siku ya pili nikaitwa barazani. Unajua taratibu. Nana hamsemeshi mtu ila kupitia kwangu, hata mtu huyo akiwa mimi. Akaninong'oneza swali, nikasimama, nikalisema kwa sauti mbele ya mji mzima: "Okyeame Boadi, nani alikupa neno langu?" Kisha nikageuka nikajijibu, "Si mimi, Nana. Ni mashine." Akaninong'oneza la pili. Nikalisema: "Okyeame Boadi, na mashine ilikupata wapi?"

La pili sikulijibu. Kwa miaka thelathini na moja hakuna swali la Nana lililowahi kulala barazani bila jibu.

Nimepewa siku arobaini nilete jibu au nirudishe fimbo.

Kuna jambo moja sikulitaja pale. Kabla ya kuwaita watu, ile sauti ilisema kwanza maneno ya kuiamsha fimbo. Iliyasema kwa sauti kubwa, kama tangazo la sabuni. Yeboaa ananiuliza ni lugha gani hiyo. Mashine haikujua kwamba hayo hunong'onwa. Na hapa duniani niliyemsemea ni mmoja tu.

Nieleze, mwanangu. Nieleze kabla sijaelewa mwenyewe.

Boadi

*

Accra,
10 Juni

Mjomba wangu,

Nakuamkia. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na homa na kazi zilikuwa nyingi. Mwambie Mama nitakuja. Pole kwa mbuzi.

Nimesikitika sana kwa yaliyotokea. Nataka ujue sikukusudia. Huku kwetu sauti zote zinawekwa ghala moja, na mteja anakuja anachagua. Mteja anaweza kuwa benki, hospitali, mtu yeyote. Sikumwuza mjomba wangu. Nilipeleka kazi kama nilivyopeleka ya watu wengine arobaini.

Nikuambie kila kitu ili usinishuku. Kulikuwa na fomu ya ruhusa. Ilitaka saini ya mwenye sauti au ya mrithi wake. Wewe ulikuwa mbali na kinasa sauti kilikuwa kimeshafika, wakubwa wananisubiri. Nikaweka saini pale kwenye mrithi. Si ndivyo nilivyo? Wewe mwenyewe unaniandikia hivyo kila mara.

Mjomba, nakuomba usinitaje barazani. Wakijua huku kwamba nimetoa habari za mteja, nafukuzwa, na huenda nikapelekwa mahakamani. Waambie tu kwamba siku hizi mashine inaweza kumwiga mtu yeyote aliyewahi kusema kwenye redio. Si uongo. Na labda mgodi hautakuwa mbaya kama unavyodhani, vijana watapata kazi. Isitoshe sauti yako hakuna aliyekunyang'anya. Bado unayo.

Nakutumia redio mpya, inashika stesheni zote na haihitaji betri.

Wako mtiifu,
Nsiah

*

Nkwantaso,
7 Julai

Nsiah,

Nakusalimu, maana adabu ni yangu na siwezi kuiacha kwa ajili yako. Mvua ni nyingi. Kakao imeanza kushika. Mbuzi wako amepona mguu. Redio imefika, nimempa Yeboaa, kwani ndiye aliyebaki anayenisalimu.

Ameiwasha kwa sauti kubwa, kwa hiyo habari nazisikia kupitia ukutani. Jana walikuwa wanabishana wasomi kama sauti ya mtu ni mali yake. Mmoja akasema sauti ni kama moshi, ukishatoka jikoni kwako ni wa wote. Mwingine akasema itungwe sheria. Zamani ningekuandikia kurasa mbili juu ya hao. Nasema neno moja tu: mwenye moshi bado anajua nani alimwomba moto.

Umeniambia hukukusudia. Nimeitoa ile karatasi yako ya sentensi mia, kwa sababu karatasi haina ubishi. Kikombe chekundu, kaka saba, mvua inanyesha, paka amelala. Halafu ya sitini na tatu na ya sitini na nne. Umeandika nisihangaike na maana, na sikuhangaika, kwa kuwa ni wewe uliyeniambia. Na katika barua hiyo hiyo ukaniambia mjini hujasikia lolote juu ya kampuni ya dhahabu. Nimeisoma mara nyingi. Mwandiko wako ni mzuri, nilikufundisha mimi.

Wangenifanyia wageni ningewatukana nikala nikalala. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa kwa fahari nikiwaonyesha watu. Nilikaa chumba cha nyuma siku kwa siku nikikusemea wewe. Nilifunga mlango ili mama yako asisikie. Umeniumiza, Nsiah, na sina namna nzuri ya kulisema hilo, mimi ambaye kazi yangu ni kusema vizuri.

Na ukaweka saini pale kwenye mrithi. Mrithi husubiri, mwanangu. Huosha mwili wa mjomba, hufunga saumu, hukaa na wajane, ndipo anapewa fimbo. Wewe umenirithi ningali hai, nakula ampesi kibarazani.

Siku ya arobaini nilikwenda barazani. Nana akanong'ona lile swali tena, nami nikalisema. Sikukutaja. Usinishukuru. Wewe ni mtoto wa dada yangu, kwetu siwezi kukutoa mbele ya watu bila kumtoa yeye. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, wanasema, lakini hii yako nzito.

Kwa kuwa sikujibu, mji umejijibu wenyewe. Wanasema Boadi alinunuliwa. Watoto wananifuata njiani wakiimba "Nana amekubali." Wengine wananiiga na kile kikohozi. Nimerudisha fimbo. Ule mkono ulioshika yai, uliochongwa pale juu yake, niliufuta vumbi kwanza, kisha nikailaza fimbo miguuni pa Nana. Hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsemea.

Kisha nikaomba ruhusa ya maneno ya mwisho. Nikawaambia watu wa Nkwantaso: kuanzia leo sitasema tena, si barazani, si sokoni, si nyumbani, mpaka karatasi za Asuten zichanwe. Sauti yoyote ya Boadi mtakayoisikia, kwenye simu au kwenye redio, si Boadi. Ndiyo njia pekee niliyoipata ya kuwatenganishia wale wawili. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Naonyesha kwa mkono nikitaka chumvi.

Mwanasheria wa wilaya amesoma malalamiko ya Nana. Anasema karatasi zinaweza kufutwa, ila apatikane mtu anayeijua ile mashine, asimame aape ilivyotengenezwa na nani aliiagiza. Bila mtu huyo dole ni dole. Mashine za kuchimbia zitakuja mvua zikipungua. Unamjua mtu huyo. Najua kitakachompata akisema, nami sikudanganyi kwamba ni kidogo.

Jambo la mwisho nilikuwa sitaki kukuandikia. Juzi mchana nilipita dirishani kwa mama yako nikasikia naongea. Nikasimama. Alikuwa amekaa kitandani na simu ya Yeboaa sikioni, anausikiliza ule ujumbe. Ukiisha anaurudia. Aliponiona hakuficha simu. "Kaka," akaniambia, "nimeshindwa. Nyumba kimya. Nimekumiss tu."

Bado hajui ni nani aliyeitengeneza. Ananiomba kila siku niseme neno moja tu, hata jina lake, na mimi natikisa kichwa.

Akwasidae ya Agosti baraza litakuwa wazi, na mahali nilipokuwa nasimama hapana mtu. Njoo uwaambie, na mama yako akiwepo. Sema kwa sauti yako mwenyewe, maana yangu umeshaitumia.

Mjomba wako,
Boadi